Fundi wa Diski Zilizopanda Pikipiki

Kabla hajagusa laptopu ya mtu, Fundi alimpa mwenyewe akamwani atafune. Wageni kutoka mikoa mingine walidhani ni ukarimu tu, wakashukuru, wakatia mdomoni zile buni kavu na kukunja uso. Sisi wa huku tunajua kwamba akamwani hupewa mgeni nyumbani akishaketi, atafune polepole, mazungumzo yapate pa kuanzia. Fundi aliichukua desturi hiyo akaipa kazi nyingine. "Zima," alikuwa akisema. "Weka mezani. Sasa tafuna. Ladha ikikuishia mdomoni, diski nayo itakuwa imesimama." Aliyethubutu kuinyanyua mashine kabla ya hapo alishikwa mkono, awe mwanafunzi au mkuu wa shule.

Nilimfahamu kwa miaka mingi, tangu nilipoanza kazi ya kupima vibanja, yaani mashamba yetu ya migomba, wilayani Muleba mpaka yeye alipofunga chumba chake cha kazi Bukoba mjini. Sijui alizaliwa kijiji gani, na sikuwahi kumuuliza ukoo wake, jambo ambalo kwa Mhaya ni karibu na utovu wa adabu. Ninachokijua ni kwamba kuna mama mmoja Kamachumu ambaye leo analima kibanja chake kwa sababu ya mtu huyu, na kwamba mimi ndiye niliyekaribia kumpotezea. Nitafika huko. Nikianza na hilo mtamdhania Fundi kuwa malaika, na malaika hawavuti kiko wala hawatukani mashine.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la vitambaa la mzee mmoja wa Kihindi, wa zile familia chache zilizobaki mjini. Mwenye nyumba na mpangaji walibishana kila siku kwa Kihaya, na Kihaya cha yule mzee kilikuwa kizuri kuliko changu. Mzee alikuwa na kompyuta kuukuu juu ya meza ya duka, imefunikwa kitambaa cha maua, ambayo tangu iingie mle haikuwahi kuhamishwa hata kwenda chumba cha pili. Ilikuwa bado inawaka. Fundi aliwaleta wateja wake kuitazama, kama watu wanaopelekwa kuhiji. "Hii ni mtawa," aliwaambia. "Imeingia, haijatoka, imezeeka salama. Hizo zenu ni makondakta. Asubuhi Muhutwe, mchana Muleba, jioni Kahororo, halafu mnashangaa ikifa kijana."

Hakupenda maneno makubwa. Walimu walipojitahidi kumweleza tatizo kwa Kiingereza aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo, ilianguka?" Mimi mwenyewe nilipomuuliza kuna nini hasa ndani ya diski, alichukua diski iliyokufa zamani, ambayo aliifungua kwa ajili ya kufundishia tu, akaiweka mbele yangu. Ndani kulikuwa na kisahani kinachong'aa na mkono mdogo wenye ncha. Akanieleza kwamba kisahani huzunguka kwa kasi na ile ncha huelea juu yake bila kugusa, ikisoma na kuandika, na nafasi iliyopo kati yake ni ndogo kuliko chembe ya vumbi. Mashine ikizimwa vizuri, mkono hurudi pembeni na kupumzika, na hapo inaweza kuvumilia mengi. Ikitikiswa wakati kisahani kinazunguka, ncha inagusa.

"Inabusu," alisema. "Na hilo ni busu la Yuda. Moja linatosha."

Alikuwa Mkatoliki wa kukaa benchi la nyuma, wa kutoka nje kidogo wakati wa mahubiri marefu, lakini mifano yake yote aliitoa kanisani. Jambo lake kubwa kuliko yote lilikuwa vita vyake dhidi ya watu wanaofunga kifuniko na kudhani wamezima. Mashine nyingine ukiifunga kifuniko inachukua muda kulala, na nyingine zimepangwa zisilale kabisa. "Kufunga kifuniko si kuzima," alikuwa akirudia. "Mtu akifumba macho kanisani, amelala? Anasali? Hujui. Mwulize kwanza."

Namna yake ya kupima ugonjwa iliwafanya wengine wamwite mganga, na yeye hakuwakataza. Aliweka ncha ya bisibisi juu ya diski, mpini wake akaubana sikioni, akafumba macho. Alijua mlio wa diski nzima, wa iliyochoka, na wa inayogonga. Kabla ya kusikiliza aliiuliza mashine, "Nani kakupiga?" Aliiuliza mashine, si mwenyewe. Wenyewe ndio walioungama, kwa aibu ya kusikia chombo chao cha kazi kikihojiwa namna ile. Nesi mmoja wa Muleba aliwahi kutoa machozi hata kabla hajaulizwa.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa mifano tu. Alikuwa na subira ya kuhakikisha. Mwaka nilioanza kazi aliniuliza laptopu naibeba wapi nikiwa kwenye pikipiki. Nikasema kwenye keria, nimeifunga kwa mpira, imetulia kabisa. Hakubisha. Akaniletea chupa mbili za soda zenye maji ya sabuni, zimefungwa vizuri, akaniambia moja niifunge kwenye keria pale pale ninapofunga laptopu, nyingine niitie katika begi la mgongoni, niende Kamachumu na kurudi. Enzi hizo ukiiacha lami pale Muhutwe ulikuwa unapanda mlima kwa vumbi na mawe. Niliporudi alizisimamisha chupa mezani, tukazitazama. Ile ya mgongoni ilikuwa na povu kidogo shingoni. Ile ya keria ilikuwa povu tupu, maji huyaoni.

"Sasa niambie wewe," akasema, "ni ipi ungependa kuwa?"

Tangu siku hiyo nilibeba mashine mgongoni, na sikuacha kuwaambia wenzangu. Alisema mgongo wa binadamu ni springi aliyoitengeneza Mungu mwenyewe, ndiyo maana akina mama hawafungi watoto kwenye keria. Alinipachika jina la Mama Vibanja, likanishika mpaka leo, hata ofisini.

Mganga hajigangi. Huyu mtu aliyetufundisha kwenda polepole alikuwa na baiskeli isiyo na breki ya nyuma, na aliteremka nayo vilima vya mji kama anayekimbiza mwizi. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka vipande visivyohesabika. Aliwahimiza watu wote waweke nakala ya kazi zao mahali pawili, kisha mkewe akaniambia, mbele yake, kwamba picha zote za harusi ya binti yao zilipotea kwa sababu Fundi alikuwa "bado anatafuta nafasi" ya kuzinakili. Fundi alitazama dari. Hakuna nilichokifurahia mwaka ule kama uso wake dakika ile.

Na zile diski mpya zilipoingia mjini, zisizo na kisahani wala kitu chochote kinachozunguka, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwashauri bodaboda wanaosoma jioni, manesi na walimu wazinunue. "Hizo unaweza kucheza nazo mpira," alisema. Lakini mashine yake mwenyewe aliiacha na diski ya zamani. Nilimbana siku moja anieleze. Akavuta kiko, akasema, "Hizi mpya hazijali mashimo, kweli. Lakini siku yake ikifika inanyamaza tu, umemaliza. Hii ya zamani inagonga kwanza. Inakuaga. Mimi napenda kuagwa."

Jambo moja alilishika bila kuyumba: hakuahidi. Ungeweza kumpigia magoti. Waliokuja na ripoti za shule, hesabu za kanisa, mwaka mzima wa masomo, wote walipewa jibu moja. "Sisemi ndiyo, sisemi hapana. Nasema rudi." Nilimwona akimwambia hivyo mtu mkubwa serikalini, aliyekuja na dereva na hasira. Alisema fundi anayeahidi kabla ya kusoma diski ni sawa na padre anayemwambia mgonjwa kwamba ameshamwekea nafasi kwa Mtakatifu Petro.

Sasa nieleze nilichofanya.

Mama Kemi ni mjane wa Kamachumu. Mumewe alipofariki, shemeji yake alianza kukila kibanja chake kidogo kidogo kutoka upande wa chini. Aling'oa milamula, ile mimea ya mpaka ambayo kwetu haiguswi na mtu mwenye nia njema. Katika watu walioshuhudia mpaka ule ukiwekwa alikuwa amebaki mmoja, jirani, mzee sana, mwenye kifua kibovu. Jumanne moja mzee huyo alitembea na fimbo yake mbele ya kamera yangu. Alionyesha kila shina la mulamula lililosimama na kila shimo la lililong'olewa, akataja aliyelipanda na aliyekuwepo. Alimaliza amechoka, akaomba maji. Baraza la kata lilikuwa limepanga kuwasikiliza Mama Kemi na shemeji yake baada ya wiki mbili na siku chache, na bila maneno ya mzee yule, Mama Kemi hakuwa na kitu mkononi isipokuwa jembe.

Jioni ile niliihamishia video kwenye laptopu, nikaifuta kwenye kamera ili nipate nafasi ya familia nyingine, nikarekodi juu yake. Nilikuwa na kawaida ya kuweka nakala ofisini kila Ijumaa. Ijumaa ilikuwa karibu, niliona haina shida.

Jumatano nilipita kwa Mama Kemi kuhakiki majina. Nilipokuwa nainuka akatoka nyuma ya nyumba na mikungu miwili ya ndizi, mizito, ya kuvutia. Kwetu ukimfanyia mtu jambo hutoki kwake mikono mitupu, na kumkatalia mjane mkungu ni kumwambia usoni kwamba umeuona umaskini wake. Nikashukuru. Mvua ilikuwa inanukia, nikavaa koti, begi likakataa kukaa mgongoni chini ya koti. Mama Kemi akaniona nikihangaika.

"Bojo, si uiweke hapa katikati ya ndizi?" akasema, kwa neno letu la kubembeleza. "Ndizi hazina mfupa."

Jirani zake waliokuja kuniaga wakasema ndiyo, hapo itakaa kama mtoto. Nami, mimi niliyebeba chupa za sabuni kwenda na kurudi, nikaona ni kweli. Mbaya zaidi, mashine ilikuwa bado inapanga picha za siku ile, na sikutaka kuikatiza kazi. Nikafunga kifuniko. Nikaifunga kwenye keria katikati ya mikungu miwili, nikateremka mlima. Kila shimo lilipokuja, mikungu iliruka na kutua, na laptopu iliyokuwa katikati ikatwangwa kutoka Kamachumu mpaka lami.

Nilipofika mjini niliiwasha. Ikagonga: ko, ko, ko. Nikazima, nikawasha tena. Nilijifariji kwamba nitarudi Ijumaa nimrekodi mzee upya. Ijumaa asubuhi simu ikalia, ni Mama Kemi, na kabla hajamaliza salamu nilishajua. Mzee alikuwa amefariki alfajiri ile.

Nilimfikia Fundi nikiwa nimeikumbatia mashine kifuani. Aliiweka mezani juu ya kitambaa.

"Nani kakupiga?" akaiuliza.

"Ndizi," nikajibu mimi. Hakucheka. Nikamweleza yote, mpaka kilio cha asubuhi ile.

"Umeiwasha mara ngapi baada ya kugonga?"

"Mbili."

Akanitazama.

"Tisa," nikasema.

Nilingoja matusi, na nilikuwa nayastahili. Badala yake alisogeza kikopo cha akamwani upande wangu. Nikamwambia mashine imezimwa tangu jana. "Hii si ya diski," akasema. "Ni yako wewe. Kaa." Nilitafuna huku nalia kama mtoto, na mtu yule hakusema neno mpaka nilipomaliza. Hilo nalo namshukuru, labda kuliko mengine.

Kisha akanieleza hali ilivyo, bila kuipaka sukari. Kila mara nilipowasha, ncha ilizidi kukwaruza. Kuifungua diski asingethubutu. Chumba chake kilikuwa na vumbi la mtaa mzima. Kuna watu Dar es Salaam wenye vyumba visivyo na vumbi, lakini kuituma kwa basi ilikuwa ni kuirudisha njiani siku mbili nyingine, na baraza halingetungoja. Alichoweza yeye ni kuiunganisha na mashine nyingine na kuisoma kwa vipande vidogo, kuipumzisha inapopata joto, kuruka mahali inaposongwa na kurudi baadaye, siku baada ya siku, kwa matumaini kwamba sehemu yenye mzee yule haikukwaruzwa.

"Utaipata?" nikauliza.

"Sisemi ndiyo, sisemi hapana."

Aliacha kazi za wengine zote. Mlangoni alibandika karatasi: NIPO LAKINI SIPO. Alileta betri ya gari kwa ajili ya umeme unaokatika. Mzee wa duka la vitambaa alipoelezwa kisa, aliwakataza wapagazi wake kuangusha marobota sakafuni. Wakawa wanayalaza chini kwa mikono miwili, wakinung'unika. Mkewe Fundi alileta ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage mchana, akayakuta jioni yamepoa. Mimi nilikwenda kila siku kuketi pale kwenye kigoda, na kila siku alinifukuza kwa sababu nilikuwa napumua kwa sauti.

Siku ya nne Mama Kemi alikuja mwenyewe kutoka Kamachumu. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alisimama mlangoni, akasalimu kwa kupiga goti kama akina mama wa rika lake wanavyofanya, kisha akaitazama ile diski ndogo juu ya kitambaa, ambayo ilikuwa ukubwa wa kiganja chake.

"Mzee wangu yumo humo?" akauliza.

Fundi aliinua kichwa.

"Yumo, mama," akasema. "Namwona."

Mama Kemi aliketi chini palepale sakafuni, akafunika uso kwa ncha ya kitenge. Alipoinuka alishukuru kwa Kihaya, "Kasinge waitu," akasema ana palizi inamngoja, akaondoka. Mimi nilitaka kumrukia Fundi kwa furaha, lakini alinionyesha mlango kwa kidole. Nikatoka naimba. Sikuwaza hata kidogo kwamba sikuwahi kumsikia akisema neno kama lile kwa mtu mwingine.

Siku ya kumi na moja alinipa flashi mbili. "Moja yako, moja ya yeyote usiyemwamini," akasema. Video ilikuwa imekatika mahali pawili, na kwa dakika kadhaa mzee alikuwa sauti bila sura. Lakini mashina yote yalionekana, na mashimo yote, na majina yote yalisikika. Barazani tuliiweka kwenye laptopu juu ya meza, na ile sauti ilipoanza wazee wawili walivua kofia, kwa sababu mwenyewe alikuwa hajamaliza hata wiki mbili kaburini. Shemeji alitazama viatu vyake mpaka mwisho. Wakakubaliana mbele ya wote, milamula ikapandwa upya, na jina la Mama Kemi likaandikwa.

Hayo ni ya miaka sita iliyopita. Fundi alifunga chumba chake mwaka juzi. Miguu ilianza kumsumbua, kisha moyo, akarudi nyumbani kwake Ijuganyondo, ambako mkewe ana migomba, ng'ombe wawili na kauli ya mwisho. Mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali. Nilimkuta ameketi barazani na blanketi magotini, amepungua sana, kiko amenyang'anywa. Tulizungumza habari za mji, nani amefungua nini, nani amehama. Nikamwambia siku hizi laptopu zetu zote za ofisini ni za diski zisizozunguka. Akasema vizuri.

"Mama Vibanja," akasema, "nilikudanganya."

Nikadhani ni utani.

"Siku ile alipokuja yule mama wa Kamachumu. Nilisema namwona mzee. Nilikuwa sioni kitu. Siku nne, diski ilikuwa haijanipa hata herufi moja."

Nikamuuliza kwa nini.

"Sijui. Alipiga goti. Ningemwambia nini, arudi? Neno lilitoka lenyewe." Akarekebisha blanketi. "Baada ya hapo sikupata raha. Siku ya sita nilimwambia mke wangu anipigie pasi shati, niende Kamachumu nikamwambie mwenyewe kabla ya baraza, ili asije akafika pale na kuaibika. Shati likaning'inia nyuma ya mlango siku mbili. Kila asubuhi nasema leo, nasema ngoja nijaribu tena kidogo. Siku ya nane ikaanza kusoma."

Mkewe, aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni, akasema bila kuinua macho, "La bluu. Na likakunjamana, nikalipiga pasi tena."

"Lakini ulimpata, Fundi," nikasema. "Yameisha."

"Kumpata ni bahati. Uongo ulikuwa uongo." Akaniuliza, "Bado yupo pale?"

"Yupo. Amepanda kahawa upande ule wa chini."

"Nipeleke," akasema. "Moyo huu hauna muda mrefu, nami sitaki kwenda na hilo."

Mkewe alipinga, daktari alipinga kupitia kwa mkewe, na Jumamosi iliyofuata nikaazima gari la binamu yangu, tukaenda wote watatu. Siku hizi njia ni nzuri kuliko zamani, lakini niliendesha kwa mwendo ambao hata waenda kwa miguu walitupita na kutusalimia mara mbili. Fundi alikaa mbele, ameshika dashibodi. Pale Muhutwe tulipoanza kupanda akasema, "Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Wasemao hivyo hawajawahi kuendeshwa na wewe."

Mama Kemi alikuwa shambani. Alipoliona gari alinawa mikono, akaja, na alipomtambua aliyemo ndani akapiga goti kwenye nyasi. Fundi alikataa kuketi. Alisimama kwa fimbo, mkewe amemshika kiwiko, akasema yote kwa Kihaya, polepole, bila kujitetea: siku ya nne, diski iliyokuwa kimya, neno alilolisema, shati. Akamwomba msamaha kwa kumpa tumaini ambalo mwenyewe hakuwa nalo.

Mama Kemi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetunza jambo kwa muda mrefu.

"Nilijua, waitu," akasema.

"Ulijua nini?"

"Ulisema unamwona, na macho yako yalikuwa kwangu. Hukuitazama mashine hata kidogo."

Fundi akaegemea fimbo yake kwa mikono miwili.

"Nililia njia nzima mpaka Muhutwe," Mama Kemi akasema. "Nilipofika hapa nikajiambia, huyu baba hanijui, mimi si dada yake wala si shangazi yake, na ameogopa machozi yangu kiasi hicho. Mtu wa namna hiyo hawezi kuiacha kazi. Nikashika jembe, nikaendelea na palizi."

Mzee wa watu alilia, pale kwenye nyasi, mbele yetu sote, na hakujifuta. Mama Kemi akainuka, akasaidiana na mkewe kwa kumshika ule mkono wa pili, wakamwingiza ndani polepole, maana chakula kilikuwa tayari.